Mvua Ilipokuwa Siri

Jumatatu, 2 Machi

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, na naliandika hapa kwa sababu sina ujasiri wa kulisema: vita hivi vimenipa furaha. Sisemi milipuko, wala magari ya wagonjwa, wala kaka yangu kukaa ng'ambo ya mto na bunduki. Hayo yananiuma kama yanavyomuuma kila mtu. Nasema juu ya simu. Kila asubuhi, kabla ya kengele ya kwanza, simu ya ofisi ya shule inalia, na anayetafutwa ni mimi.

Zamani hakuna aliyenitafuta. Klabu ya hali ya hewa ilijaa watu mwalimu wa jiografia alipoahidi safari. Safari haikutokea, wakapungua, mwisho nikabaki peke yangu na kibanda cheupe cha vipimajoto nyuma ya maabara, na kipimamvua, na mshale wa upepo unaolia kama mlango mbovu. Darasani wananiita Kipimo. "Kipimo, leo tuje na sweta?" Nami nacheka nao ili yaishe.

Sasa Washirika wamepiga kambi kwenye uwanja wa ndege, chini ya kilima cha shule. Walikuja kwa mkataba wa ulinzi, baada ya majeshi ya jirani kuvuka mpaka wa kaskazini. Kombora lilipopiga ghala lao, mitambo yao ya hali ya hewa iliungua. Wakauliza mji mzima nani anapima mvua. Mji mzima ni mimi.

Anayepiga simu ni afisa wao wa hali ya hewa. Kila mtu anamwita Kapteni. Kiswahili chake kimenyooka kama cha taarifa ya habari. Anauliza mvua ya jana, upepo, na mawingu yako chini kiasi gani upande wa kaskazini, kwenye vilima walikojichimbia adui. Ndege za Washirika hupita juu ya vilima hivyo kuwalinda kaka na wenzake darajani. Mawingu yakishuka, haziruki. Nikikosea kusoma, kaka yangu hana mtu juu ya kichwa chake. Kwa hiyo kila kitu nakisoma mara mbili.

Jumanne, 3 Machi

Manyunyu tu. Kapteni amesema, "Kazi safi."

Ijumaa, 6 Machi

Kapteni amekuja shuleni mwenyewe. Nilimtarajia mtu wa miraba minne. Ni mwembamba, ana miwani, na alipoingia ofisini alijikwaa kwenye kizingiti akaomba radhi kwa mlango. Mama Mihuri, karani wetu, ambaye hugonga muhuri hata kwenye karatasi ya kufungia vitumbua vyake, alinikonyeza.

Tulisimama kwenye kibanda mimi na yeye muda mrefu bila kusema kitu, tukitazama juu. Sijawahi kukutana na mtu mwingine anayeweza kufanya hivyo bila kuchoka. Akanipa kitabu chake cha picha za mawingu, kimeandikwa kwa lugha yao, nakisoma kwa kamusi. Ndani ameandika: "Kwa mwenzangu."

Akanieleza sharti moja. Wakati wa vita hali ya hewa ni siri, kwa kuwa hata ndege za adui zinaihitaji. Ndiyo sababu redio imeacha kutabiri. Ninachopima nisimwambie mtu, wala mama yangu.

Mafundi wake walifunga pia simu ya pili mezani kwa Mama Mihuri, ya kijani, ya kuzungusha mkono. Waya wake unakwenda moja kwa moja hadi darajani. Daraja lile ni la chini, la zege, na mto ukijaa hulala chini ya maji. Wamesimika nguzo yenye alama pembeni yake. Maji yakifika alama nyekundu hakuna anayepita, si kwa mguu wala kwa gari. Na askari aliyepewa kazi ya kusoma nguzo ni kaka.

Jumatatu, 9 Machi

"Shule, hapa daraja," ilisema simu ya kijani.

Nikajibu, "Daraja, hapa shule. Maji?"

"Alama ya pili. Mama mzima? Anakula?"

Nyuma yake kulikuwa na mtu akiimbia puani. Kaka anasema ni rafiki yake, kikosi kizima kinamwita Kinanda, hanyamazi hata akilala. Kinanda akapaza sauti nimwambie Mungu mvua inyeshe upande wa adui tu, wao soksi zimekwisha.

Jumanne, 10 Machi

Mama ni fundi cherehani. Siku hizi anashona sare za Washirika, zinakuja zimechanika na zinarudi kama mpya. Asubuhi alisimama mlangoni na beseni la sare alizofua, akaniuliza, "Mwanangu, nianike?"

Nilijua mvua itakuja mchana. Mshale ulikuwa umegeuka na mawingu yalikuwa yakipanda kama moshi wa kuni mbichi. Nikasema siwezi kusema.

Mama akacheka mpaka akaweka beseni chini. "Nimezaa serikali," akasema.

Akaanika. Ikanyesha.

Alhamisi, 12 Machi

Mvua nzuri, ya kulalia. Alama ya pili bado.

Jumapili, 15 Machi

Kaka amepewa siku moja. Amekuja na viatu vya mtu mwingine na ndevu. Mama alimkalisha kwenye kiti cha wateja, akamshona kifungo cha shati akiwa amelivaa, akimwambia asisogee, nami nikajua ni namna yake ya kumshika.

Tukaenda naye kwa mjomba akanyolewe. Mjomba ni kinyozi, na ukutani pake ana kalenda ya Washirika yenye ndege yao kubwa ya mizigo, aliyopewa na mteja kutoka kambini. Kila anayeketi kitini mwake hupewa somo la vita. Akapanga vifaa vyake mbele ya kioo. Kitana kikubwa ni Washirika. Chupa ya spiriti ni ile dola nyingine kubwa inayompa silaha jirani yetu. Sisi na jirani ni vile viwembe viwili vilivyo katikati.

"Wakubwa hawa hawawezi kupigana wenyewe kwa wenyewe," mjomba alisema, mkasi ukicheza sikioni kwa kaka. "Wakipigana hao, dunia imekwisha. Kwa hiyo wanapigania hapa. Lakini kitana hakiwezi kutuacha, kwa sababu kikituacha sisi, marafiki zake wengine wote watauliza, na mimi je? Heshima yake ndiyo ulinzi wetu."

Kaka akauliza kwa upole kama mjomba ana kiwembe kingine, hiki kinamchuna. Watu wote kibandani wakacheka. Lakini mimi nilimwamini mjomba. Maneno yake yalikuwa na mantiki, nami napenda vitu vyenye mantiki.

Njiani kaka akaniuliza Kapteni ni mtu wa namna gani. Nikamwambia ni mtu anayeomba radhi kwa milango. Akasema basi huyo atafaa.

Jumatatu, 23 Machi

Leo nimefanya jambo ambalo halinitoki akilini. Mama jirani, anayenipa maembe tangu nikiwa mdogo, alitandaza turubai uani akaanika maharage yake yote ya msimu huu. Nilipita na sare ya shule, tukasalimiana. Alisema, "Naona leo jua limetuhurumia." Nilikuwa nimetoka kutazama upeo wa macho. Nikamwambia ndiyo, mama.

Ilipiga mvua tukiwa kwenye somo la hesabu. Niliisikia kwenye bati, nikawa siisikii hesabu tena. Jioni maharage yalikuwa yamevimba kama vidole vya mtu aliyefua kutwa, na yeye na wanawe walikuwa wakiyaokota kwenye tope. Mama akaenda kumsaidia. Nami nikaenda. Mama hakuniuliza kitu.

Nilijiambia kwamba maharage ni maharage, na kaka ni kaka.

Jumanne, 24 Machi

Alama ya tatu. Kinanda ana kikohozi lakini anaimba juu yake.

Jumatatu, 30 Machi

Kapteni amebadilisha maswali.

Kwa mwezi mzima aliuliza kwanza habari za kaskazini. Leo kaskazini hakuitaja mpaka nilipomtajia mwenyewe, akasema, "Ndiyo, ndiyo, asante." Alichotaka ni upepo wa uwanja wenyewe, chini pale, unavuma kutoka wapi asubuhi na unageuka saa ngapi. Akataka kujua kama ardhi ya kando ya njia ya ndege imelainika. Akauliza pia ni lini tutapata mchana mmoja mkavu tangu mwanzo hadi mwisho.

Ndege ndogo zinazolinda daraja haziulizi hayo. Zinaruka hata upepo ukiwa wa ubavuni. Nikafungua kitabu chake, sura ya mwisho inayohusu usafiri wa anga. Ndege inayojali upepo wa uwanjani na ulaini wa udongo ni ndege kubwa ya mizigo, kama ile ya kwenye kalenda ya mjomba.

Wanaleta jeshi zaidi. Nimekaa na jambo hili kifuani kutwa nzima kama mtu aliyemeza taa.

Jumatano, 1 Aprili

Mvua. Redio imesema mkataba wa ulinzi uko imara kuliko wakati wowote.

Alhamisi, 2 Aprili

Nilijipa moyo nikamuuliza. Mama Mihuri akaacha kugonga muhuri.

Nikasema, "Kapteni, ndege kubwa zinakuja?"

Nilisikia karatasi upande wake. Kisha akasema, "Wewe una macho makali, mwenzangu. Ndiyo. Ndege kubwa zinakuja. Tafadhali, hiyo pia ni siri."

Nikamwahidi.

Jumamosi, 4 Aprili

Vilima vya juu vimenyeshewa kutwa. Mto utapanda.

Jumatatu, 6 Aprili

"Maji?" nikauliza.

"Yamepita ya nne. Yanakuja na magogo." Kaka hakuuliza habari za mama. Akashusha sauti. Sajini wao anafikiria kukirudisha kikosi upande wetu wa mto leo leo, kabla daraja halijazama. Wamechoka, risasi si nyingi, na maji yakifika nyekundu watakuwa wamefungiwa huko na adui usoni. Makao makuu wamemwachia aamue mwenyewe. Wenzake wamegawanyika. Kaka akasema, "Wewe unaongea na yule mtu kila siku. Niambie ukweli. Tubaki au tusibaki?"

Nilimtazama Mama Mihuri. Akainuka akaenda kufunga dirisha lililokuwa limefungwa.

Tangu mwezi wa tatu sijavunja siri hii hata mara moja. Mama amelowesha sare, mama jirani amepoteza maharage. Leo nimeivunja, kwa sababu ni kaka. Nikamwambia, "Ndege kubwa zinakuja. Amenithibitishia mwenyewe. Zinangoja tu siku kavu."

Akapumua. Nikamsikia akiwageukia wenzake, akisema kwa sauti ya kujigamba ambayo sijawahi kuisikia ikitumika juu yangu, "Mdogo wangu anasema wanaleta ndege kubwa. Na huyu hajawahi kukosea." Kinanda akaanza wimbo wa harusi.

Jumanne, 7 Aprili

Nyekundu. Daraja limezama. Kikosi kimebaki ng'ambo.

Nilimsomea Kapteni yote mawili: mto uko kwenye nyekundu, na kesho, kwa jinsi upepo ulivyogeuka, patakucha pakavu na patashinda pakavu. Alirudia kila neno taratibu, kama mtu anayeandika. Kisha akasema, "Asante, mwenzangu. Asante kwa kila kitu."

Nimeandika maneno hayo kwa kuwa hajawahi kuyasema. Kila siku husema "Kazi safi."

Jumatano, 8 Aprili

Nitaandika kwa utaratibu, kama ilivyotokea.

Pakakucha anga safi. Nilipotoka nyumbani askari wawili wa Washirika walikuwa mlangoni kwetu na gari, wamefuata sare. Mama akawaambia hajamaliza, nyingine hazina hata mikono. Wakasema watazichukua hivyo hivyo. Moja ilikuwa bado chini ya sindano. Askari akaivuta, uzi ukakatika, akamlipa mama bila kuhesabu, akaondoka. Mama alibaki na kikono cha shati mkononi. "Mtu anayerudi vitani anataka shati bovu la nini?" akaniuliza. Nikakimbilia shule.

Ndege ya kwanza ilitua tukiwa mstarini. Ilikuwa kubwa kuliko picha. Mwalimu mkuu hakuweza kutuzuia, shule nzima ilikimbilia ukingo wa kilima, na chini mji wote ulikuwa juu ya kuta na mapaa. Ikaja ya pili, ya tatu. Watu walishangilia kila iliposhuka. Nilimwona mjomba katikati ya barabara bado amevaa aproni yake, mteja wake kando amenyolewa nusu kichwa, wote wawili wamenyoosha mikono juu. Wanafunzi wa darasa letu waligundua kwamba nilijua, na kwa mara ya kwanza wakalitamka jina langu la utani kama sifa. Mmoja alinishika bega.

Nilikuwa wa kwanza kunyamaza, kwa sababu mimi nimezoea kutazama.

Zilikuwa zinatua nyepesi. Ndege iliyobeba mzigo hukaa chini, magurudumu yake yanakandamizwa. Hizi zilirukaruka kidogo zilipogusa ardhi, kama sinia tupu linapowekwa mezani. Milango ya nyuma ikafunguliwa na hakuna mtu aliyeshuka. Magari ya kambi yakajipanga na kuanza kupanda. Magari, vifaru, mahema yaliyokunjwa, watu. Kisha ndege ya kwanza ikageuka, ikakimbia njia nzima mpaka mwisho, ikanyanyuka kwa shida, nzito, ikaelekea kusini.

Bado watu walikuwa wakipunga mikono.

Sikumlilia mtu yeyote. Nilikwenda ofisini, nikakaa, nikazungusha mkono wa simu ya kijani. Mama Mihuri alikuwa dirishani amenigeuzia mgongo, na mgongo wake ulikuwa umeshaelewa.

"Daraja," kaka akasema. Alikuwa mchangamfu. Walikuwa wamezisikia ndege.

Nikamwambia, "Kaka, wanaondoka. Zimekuja tupu, zinawachukua wao."

"Nani anaondoka?"

"Washirika. Wote. Nawaona kwa macho yangu. Nilikosea."

Nyuma yake Kinanda akaacha kuimba. Kisha kaka akasema kwa sauti ya chini kwamba haiwezekani, Sajini ametoka kusikia redioni kwamba mkataba uko imara. Nikamwambia, usisikilize redio, nisikilize mimi.

"Juzi nilikusikiliza wewe," kaka akasema.

Hakukata kwa hasira. Nilisikia akikiweka chombo chini taratibu, kama tunavyoweka vitu mama akiwa amelala.

Nikabaki pale. Ndipo nikaelewa yale maswali yote. Walihitaji mambo mawili yakutane: mchana mkavu uwanjani ili ndege zao zinyanyuke na mzigo, na daraja lililozama ili adui asiweze kuvuka kuwafuata. Walikuwa wakingoja hayo tu. Moja nimewapa mimi. Jingine amewapa kaka, kila asubuhi, akisoma nguzo kwa uaminifu, bila kujua kwamba anapima mlango unaofungwa nyuma yake.

Na Kapteni hakunidanganya hata neno moja. Nimerudia jibu lake mara nyingi nikitafuta uongo, halina. Angenidanganya ningejua pa kumshika.

Alhamisi, 9 Aprili

Uwanja mtupu. Mbwa wanatembea kwenye njia ya ndege. Simu ya kijani haijibu.

Ijumaa, 10 Aprili

Mvua. Haijibu.

Jumamosi, 11 Aprili

Mizinga kaskazini, kutwa. Mama anashona mifuko ya mchanga. Nilimweleza yote, hata niliyomwambia kaka. Hakuinua macho kutoka kwenye sindano. Baadaye akasema nimletee uzi, na nilipomletea akanishika mkono, akaushikilia, cherehani imesimama.

Jumatatu, 13 Aprili

Redio imetangaza amani. Wale wakubwa wawili wametia saini katika mji fulani wa mbali. Washirika na ile dola nyingine wamekubaliana kwamba mto ndio mpaka mpya. Ng'ambo yote ni ya jirani yetu. Mtangazaji akasema mazungumzo hayo yalidumu wiki sita, kwa siri, katika hali ya kuheshimiana.

Nimerudi nyuma kuhesabu. Kapteni alipokuja na kitabu cha mawingu, walikuwa tayari wamekaa mezani. Ardhi anayoilinda kaka ilikuwa imeshagawiwa kabla Kinanda hajamaliza soksi zake.

Jumatano, 15 Aprili

Kaka amerudi.

Alikuja kwa miguu, mchana, viganja vimechunika mpaka nyama inaonekana. Walivuka kwa kamba mto ulipopungua kidogo, mmoja mmoja, huku mizinga ikiwatafuta. Upande wa kule lazima mtu abaki kuishikilia kamba isilegee kwenye jiwe. Walipiga kura, ikamwangukia mwingine, lakini Kinanda akasema yeye hajui kuogelea, kwa hiyo ni sawa tu. Aliishikilia mpaka wa mwisho. Kaka anasema walimsikia akiimba, halafu maji yakawa na kelele zaidi, halafu hawakumsikia.

Haya alimweleza mama. Mimi nilikuwa mlangoni. Mama alimfunga viganja kwa kile kikono cha shati kilichobaki. Kaka alipoinua macho akaniona, hakunitukana. Heri angenitukana.

"Niliwaambia zinakuja," akasema. "Wengine walitaka tuvuke siku ile. Mimi ndiye niliyewaambia tubaki."

"Mimi ndiye niliyekwambia," nikasema.

"Najua."

Akageukia ukuta.

Ijumaa, 17 Aprili

Nimempelekea mjomba chakula. Kalenda haipo, ukuta una mraba mweupe ilipokuwa. Vijana walimtania awapangie tena kitana na viwembe, akasema kitana kimevunjika. Ananyoa kimya. Nilipokuwa natoka akaniita, akaniuliza swali ambalo nadhani amekaa nalo siku zote hizi: wale marafiki wengine wa Washirika, je, wameuliza?

Nikamwambia redioni sijasikia.

Jumatatu, 20 Aprili

Leo asubuhi nilikuwa kwenye kibanda. Hakuna aliyenituma. Nimejikuta nimeamka na nimekwenda, kama miguu ilivyozoea. Mshale ulikuwa umegeuka, na mawingu yalikuwa yakijijenga upande wa mashariki. Mvua ya mchana, kubwa.

Mama Mihuri akanipungia mkono kutoka dirishani. Simu ya kawaida ya ofisi. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Habari za asubuhi, mwenzangu," sauti ikasema.

Ilitoka mbali, ina mwangwi. Kapteni akaniuliza hali yangu, hali ya masomo. Akasema anafikiri juu ya mji wetu mara nyingi. Kisha akaeleza kwamba ndege yao moja itarudi kwa muda mfupi alasiri hii, kuna vifaa vichache vimesahaulika kwenye ghala, na hana mtu mwingine anayemwamini kwa vipimo. Upepo ukoje? Mawingu je?

Nikamuuliza kama alikuwa anajua, siku ile alipoandika ndani ya kitabu.

"Mimi ni afisa mdogo," akasema. "Nilijua sehemu."

"Na kikosi cha darajani?"

"Hiyo ndiyo sehemu ambayo niliomba nisiambiwe."

Nilimwamini. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Ningeweza kumwambia anga ni safi. Maneno yalikuja mpaka mdomoni, naandika hapa kwamba yalikuja. Nikawaza juu ya rubani asiyenijua akishuka ndani ya wingu lile kwa sababu ya neno langu, nikaona ndilo jambo lililofanyiwa kikosi cha kaka, na nimeshaona mtu anavyoonekana anaporudi kutoka humo.

Nikamwambia, "Subiri kidogo, Kapteni. Nikatazame."

"Asante," akasema. "Nasubiri."

Nikakilaza chombo cha simu mezani, kando ya mihuri, bila kukata. Nikamwomba Mama Mihuri asikiguse. Akaweka kiti chake mbali nacho, akafungua vitumbua vyake.

Sikwenda kwenye kibanda. Nilitoka geti la shule, nikashuka kilima. Nyumba ya kwanza kulikuwa na mwanamke ninayemjua kwa sura tu, ana beseni la nguo kichwani. Mimi siongei na watu nisiowazoea. Nikasimama, nikamwambia mvua itanyesha mchana, kubwa, asianike. Akanitazama, akatazama jua, akasema, "We si ndiye yule Kipimo?" Nikasema ndimi. Akarudisha beseni ndani.

Nikaenda nyumba ya pili, na ya tatu. Nikampitia mjomba, nikamwambia aingize taulo zake. Nikamwambia mama jirani, ambaye alikuwa ametandaza kile kidogo kilichosalia cha maharage, na hakunijibu, lakini akashika ncha moja ya turubai, nami nikashika ncha nyingine.

Nyumbani mama alikuwa mlangoni na nguo za kaka zilizofuliwa. Kaka alikuwa amekaa kwenye benchi lililo chini ya dirisha, viganja vyake mapajani, akitazama nje. Nilisimama mbele yao nikihema.

"Usianike, mama," nikasema. "Itanyesha."

Mama akaziingiza ndani. Kaka akasogea kidogo kwenye benchi, akaacha nafasi. Nikakaa. Tukangoja mvua.